Ngoro ya Bartholomayo

Jumatatu, 12 Januari

Hili sijamwambia mtu. Si mama, si padre, si dada Avelina. Ninamwogopa mtoto mdogo. Si watoto wote. Mmoja. Anaitwa Bartholomayo, ana mwaka mmoja na miezi, meno hayajatimia, na tukitazamana mimi ndiye ninayeangalia chini.

Lakini nimesema nitamlea, na nitamlea!

Mambo yako hivi. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado. Kwetu Namswea anayesubiri matokeo anayasubiri akiwa na jembe mkononi, kwenye palizi ya kahawa. Dada Avelina ni muuguzi wa zahanati huku Kihagara, kando ya ziwa, na ana cherehani. Ya miguu, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni. Iko sebuleni, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa, kwa sababu dada hana muda wa kuigusa. Mimi muda ninao. Ninaitaka cherehani ile kuliko ninavyotaka kufaulu hisabati.

Masharti ya dada, ameyatoa asubuhi mlangoni huku akivaa viatu. Nimchangamshe mtoto hapahapa nyumbani. Asiende ziwani. Nisimpigie simu kazini. Nikifika Jumapili bila kuvunja sharti, ninabaki na ninajifunza kushona. Nikivunja, Jumatatu ninapanda basi la Mbinga kurudi kwetu, na mtoto atalelewa na Glorious.

Glorious ni binti wa jirani, rika langu. Huwaangalia watoto wa akina mama wanaokwenda shamba. Anambeba mmoja mgongoni, mwingine kiunoni, na wa tatu anamfuata nyuma akiimba. Sijamwona akikimbia hata mara moja. Leo amechungulia juu ya ua akauliza kama ninahitaji msaada. Nimesema sihitaji. Nimesema kwa sauti ndogo sana, lakini nimesema.

Mpango wa leo: shule. Ndicho kitu ninachokijua. Nikapanga vipindi. Kwanza rangi, kisha kuhesabu maganda ya karanga, kisha mapumziko. Bartholomayo amelikula somo la kwanza (chaki nyekundu), amelimwaga la pili, akaenda mapumziko moja kwa moja. Mapumziko yake yako ziwani. Mtoto yule hatembei. Anaangukia mbele tu, na chini hafiki. Nimemkamata mchanga umeshaanza kulowa. Akaning'ata.

Baada ya hapo kilio mpaka mchana. Kijiji kizima kimesikia. Huko kwake Glorious akaanza kuimba. Kwa sauti. Makusudi!

Jumanne, 13 Januari

Nimegundua kosa langu. Mtoto hataki masomo, anataka kazi.

Uani kuna chanja ya Bibi Ottilia, ameanika usipa, dagaa wa ziwa hili. Bibi Ottilia ni mama mkwe wa dada, nyumba yake inatazamana na yetu. Shemeji Hamphrey yuko Mbamba Bay anatengeneza injini za boti, kwa hiyo hapa mkuu ni Bibi. Mtoto amepewa jina la marehemu babu yake, ndiyo maana Bibi anamwita mume wangu. Kila asubuhi ninamwamkia shikamoo Bibi, naye kabla marahaba haijaisha ameshauliza mume wake amelalaje, amekula nini, na nani amemvalisha kaptula nyuma mbele. (Mimi.)

Basi nikampa mume wake kijiti. Nikamfundisha kwamba kunguru akitua kwenye chanja, shiii! Alielewa upesi. Ana kipaji, nakiri. Alifukuza kunguru, akafukuza kuku, akanifukuza mimi. Nikaingia jikoni kukoroga uji. Kidogo tu!

Nilipotoka alikuwa amepanda juu ya kinu kilicholazwa, ameinamia chanja, anawagawia kunguru usipa kwa mikono miwili. Walikuwa wamejipanga. Baadhi yao naamini walitoka Liuli.

Bibi akatokea. Mume wake hakuguswa. Mume wake ana huruma, ndivyo alivyokuwa hata marehemu. Lawama zote zangu. Mtu aliyekulia mlimani atajuaje thamani ya usipa? Eti sisi Wamatengo tuna ujuzi mmoja tu duniani, kuchimba mashimo. Glorious alikuwepo, amekuja kuazima ungo. Alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni kwake naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Nilikuwa na jibu. Jibu zuri sana. Likapanda mpaka kooni likakaa, kama ilivyo kawaida yangu. Nikainama nikaokota usipa.

Kuchimba mashimo.

Asante, Bibi! Asante sana!

Jumatano, 14 Januari

Ngoro!

Huku ziwani hawaijui, kwa hiyo naiandika vizuri. Kwetu mlima mzima umelimwa ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza mistari, mingine inakatiza mingine, mpaka mlima unakuwa miraba. Kisha sisi wanawake tunachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani. Panabaki shimo katikati na matuta laini pande zote nne. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni, hayaondoki na shamba. Maharage yanakaa juu ya tuta, yanastarehe. Wazee wetu walifikiri kila kitu. Kumweka mtoto ndani hawakufikiri, lakini wazee wetu hawakuwa na Bartholomayo.

Bahati nzuri Bibi amekwenda Liuli kuuza usipa uliookolewa, Glorious kamsindikiza na mzigo, watalala huko. Uwanja wangu! Mtoto akiwa bado kitandani nimefyeka majani na kuanza kuchimba nyuma ya jiko, chini ya dirisha la chumba chetu. Udongo wa huku una mchanga, jembe linazama lenyewe. Nilitaka mraba kamili, ila upande mmoja nikakuta mzizi, basi ikawa ndefu kidogo kuliko upana wake. Si kitu. Tuta linamfika kidevuni. Akijaribu kupanda linamomonyoka polepole na kumrudisha chini, wala haumii.

Jua kali. Nimechomeka miti minne nikatandaza juu yake shuka jeupe la dada. Kwenye kichwa cha shimo nimesimamisha kijiti, nikafunga kingine kukikatiza, nikaning'iniza makopo na vijiko apate kuvigonga. Maharage ya kupanda sikuwa nayo, nikapanga maua ya njano juu ya matuta. Imependeza!

Nikamshusha. Akanitazama. Nikaangalia chini. Kisha nikasikia kicheko. Sikuwahi kumsikia akicheka! Alikuwa amejimwagia mchanga kichwani na anataka mwingine. Akapanda tuta, akateleza, akapanda tena. Akagonga makopo. Kilio hakuna, ziwa hakuna, meno hakuna. Siku nzima nyumba imetulia kama kanisa siku ya kazi.

Dada amerudi kachoka, hakufika nyuma ya jiko. Sikumwonyesha. Nitamshangaza Jumapili. Ameuliza shuka liko wapi. Nimesema liko nje. Na kweli liko nje.

Alhamisi, 15 Januari

Leo nitaandika yote.

Asubuhi mtoto alicheza ngoroni mpaka akachoka, nikamlaza ndani. Mimi nikarudi kurekebisha tuta. Nina tope hadi magotini, jembe mkononi, natazama kazi yangu. Hapo ndipo Bibi na Glorious wakatokea, wametoka Liuli.

Waliona shimo. Waliona shuka jeupe. Waliona vijiti viwili vilivyokatizana. Maua.

Mimi nikadhani wamepigwa na uzuri. Hasa Glorious, aliyefunika mdomo kwa mkono. Wivu, nikasema moyoni. Bibi akaniuliza mume wake yuko wapi. Sauti haikutoka, nikanyoosha kidole dirishani, kwenye chumba alikolala. Kati yangu na dirisha kuna shimo.

Bibi akakaa chini palepale. Akalia kwamba mume wake amemfia mara ya pili, na safari hii hata kuaga hakuaga. Glorious akatoka mbio. Alikimbia! Niliona kwa macho yangu.

Nikasema hajafa. Nakumbuka kabisa nilisema. Lakini nani amsikie mtu wa sauti yangu penye kilio cha Bibi Ottilia? Wakaja wanawake, kanga zimefungwa viunoni. Wakaja na unga, kuni, ndoo za maji. Nikataka kuingia ndani nikamtoe mtoto. Wakanizuia mlangoni, pole mwanangu, usiingie, kaa. Wakanikalisha kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Kila nilipofungua mdomo mama mmoja alinikumbatia, mdomo ukajaa kanga. Wakasema binti wa watu ameshikwa na uchungu, maneno hayatoki. Mwingine akauliza kwa nini nilianza kuchimba mwenyewe. Akajibiwa kwamba ndivyo walivyo Wamatengo, hawangoji mtu.

Mzee Florian, katekista wa Anglikana, akaja na kitabu chake na nusu ya kwaya. Akasimama kwenye kichwa cha shimo, akafumba macho. Kwaya ikaanza.

Bartholomayo, ambaye huamka nikipumua, alikuwa amelala kilio chote kile. Ila nyimbo anazipenda. Akaamka. Akashuka kitandani, akapita jikoni, akatokea mlango wa nyuma bila nguo. Akapita katikati ya miguu ya waimbaji, akateleza kwenye tuta, akatua ndani ya shimo lake.

Akagonga kopo.

Mzee Florian alifumbua macho. Sijui kama aliruka ua au alipita juu yake, ninachojua kiatu kimoja kilibaki. Sauti ya pili na ya tatu zikamfuata. Wanawake walipiga kelele moja ambayo naamini ng'ambo Malawi waliisikia. Aliyebaki ni Bibi tu. Aliingia shimoni na kitenge chake kizuri cha safari, akakaa mchangani, akampakata mume wake, akawa anamsugua miguu na kumwambia baridi imekwisha, baridi imekwisha. Mume wake akampaka mchanga usoni.

Kisha dada akafika na bodaboda, na sare za kazi. Glorious alimpigia simu zahanati. Hakumwambia kilichotokea, alimwambia tu akimbie nyumbani. Dada alimchukua mtoto, akampapasa kichwa, mgongo, vidole. Akaangalia shimo, shuka lake, msalaba wa vijiko. Akakaa juu ya tuta, juu ya maua yangu.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Ijumaa, 16 Januari

Sijuti! Naandika kwa herufi kubwa ili nijiamini: SIJUTI.

Shida ya leo ni unga. Kilicholetwa msibani hakirudi kwa mwenyewe, Bibi amesema hivyo, na hakuna anayebishana. Lakini msiba wenyewe haupo, marehemu anakimbiza kuku. Mzee Florian ameulizwa (kiatu hajakifuata, ana aibu). Amejibu kwamba sala ya jambo kama hili haijaandikwa, basi watu waje wale, yaishe.

Wakaja. Ugali, kisamvu, usipa. Wakaja na watoto, na watoto wakaliona shimo.

Nani aliyemwita mtoto hata mmoja? Si mimi. Waliingia wenyewe! Mmoja, wengine, mpaka shimo likajaa vichwa na makopo yakagombewa. Wale watatu wa Glorious nao wakaingia. Yule wa mgongoni alijinyonga mpaka akashushwa. Glorious akabaki amesimama peke yake, mgongo mtupu, mbeleko imelegea. Nikampungia mkono. Kwa heshima.

Akanijibu kwamba hata bata ukiwafungulia wataingia shimoni, basi nao ni wanafunzi wangu? Wanawake wakacheka. Nikaangalia chini. Lakini niliangalia chini nikiwa nimeshinda.

Jioni Bibi ametoa uamuzi. Shimo lifukiwe. Jumapili baada ya ibada ukoo utakaa. Nifunge begi langu mapema.

Cherehani imefunikwa vilevile. Nimepita nikaigusa pembeni, kwa kidole tu.

Jumamosi, 17 Januari

Mvua imenyesha kuanzia alfajiri. Ngoro imefanya kazi yake. Imeshika maji yote, hata tone halijapotea. Kwetu tungeshangilia.

Bata wa Bibi wamo ndani. Glorious alijuaje?

Dada alisema mtoto asiende ziwani. Nimemletea ziwa nyuma ya jiko.

Hapa nisifanye mzaha. Nilikuwa nachukua beseni nikatoe maji. Niligeuka tu. Bartholomayo aliwaona bata, nawe unajua anavyokwenda. Nilimdaka kaptula mguu mmoja ukiwa hewani juu ya maji. Nikamvuta, tukaanguka pamoja topeni. Akanitazama. Safari hii sikuangalia chini. Moyo ulikuwa unanipiga kwa hofu nyingine kabisa, ya kwake nikaisahau.

Akaning'ata. Nikamwacha ang'ate.

Nikamfunga mgongoni. Vibaya, kitenge kilikuwa kinateleza, lakini nikamfunga. Nikafukuza bata, nikatoa maji beseni kwa beseni, nikafukia shimo lote naye akiwa mgongoni ananipiga kijiko kichwani. Bibi alikuwa dirishani kwake.

Asije mtu akasema nimeshindwa. Limefukiwa tu.

Jumapili, 18 Januari

Ukoo umekaa. Dada, Bibi, Mzee Florian kama mzee wa kanisa, na shemeji Hamphrey kwenye simu iliyowekwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa. Na Glorious! Eti amekuja kurudisha ungo. Amekaa nao mapajani kikao kizima.

Bibi alieleza yote. Chaki, usipa, shimo, kulia kwake bure, bata wake waliofukuzwa. Mimi begi liko miguuni. Natazama kidole gumba. Dada akauliza kama nina la kusema. Hapa huwa natikisa kichwa, na wote wanajua, hata Mzee Florian alishafungua kitabu apate kufunga kwa sala.

Basi safari hii jibu halikukaa kooni kama lile la Jumanne, likatoka.

Nikasema asiende ziwani, hakwenda. Nikasema nimchangamshe mtoto, kachangamka yeye na watoto wa kijiji kizima. Nikasema nisipige simu kazini.

“Sikupiga mimi. Kapiga Glorious.”

Glorious akaangalia chini! Kisha kigoda kikaanza kutetemeka. Ni shemeji, kule Mbamba Bay, anacheka mpaka simu inatambaa. Dada akajifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka. Bibi akawageukia wenzake.

“Kumbe mdomo anao!”

Akasema hata marehemu alimposa yeye kwa ubishi wa namna hiyohiyo. Akaongeza kwamba jana alimwona mume wake kwenye mgongo wa Mmatengo, amefungwa vibaya, lakini hakudondoshwa. Mzee Florian akauliza, kama kikao kimeisha, je, kiatu chake anaweza kukipata.

Dada akainuka akaenda kwenye cherehani. Akavuta kitambaa. Maua ya dhahabu yote yakaonekana! Akasema kazi ya kwanza nimshonee shuka, kwa sababu lile hawezi tena kulilalia. Na kila asubuhi Glorious atakuja kunifundisha kubeba mtoto. Glorious akasema kwa upole kwamba atanifundisha kila kitu, pole pole, mpaka nielewe. Nikamshukuru.

Simhitaji!

Kwa sababu nimekaa na kidole changu cha kati kilichochomwa na sindano tayari, nimefikiri, na kosa nimeliona. Kosa halikuwa ngoro. Kosa lilikuwa ngoro moja! Nani kwetu aliwahi kuchimba moja? Moja ni shimo. Nyingi ndizo shamba. Maji ya moja yanagawanywa na nyingine, na kila mtoto anakaa kwenye yake bila kugombea kopo. Leo mlangoni mwa kanisa akina mama kadhaa wameniuliza kwa siri kama lile shimo litarudi. Nimeshaweka vijiti vya mipaka kwenye mteremko ule nyuma ya mihogo ya Bibi. Miraba kamili, mizizi nimekagua. Shuka jeupe hakuna. Vijiti vya kukatizana hakuna. Kesho Bibi anakwenda Liuli.

Tafadhali usimwambie Bibi. Usimwambie dada, jembe nimemwomba kwa ajili ya viazi. Glorious ndiyo kabisa usimwambie.

Na lile la siku ya kwanza. Naandika mlango uko wazi, naye Bartholomayo amesimama kizingitini na kijiko chake, ananitazama. Mimi ninatazama karatasi. Nilidhani limeisha jana. Halijaisha. Basi libaki kati yetu wawili, mimi na wewe unayesoma. Usimwambie mtu yeyote. Hasa yeye.